Kukatwa na Kulipa

Jumatatu asubuhi karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko, na wa kwanza kuiona alikuwa Milembe Salu, maana Milembe siku zote ni wa kwanza sokoni. Kusoma kwake ni kwa shida. Alisoma madarasa mawili tu kwao Zagayu, halafu baba yake akasema ng'ombe hawachungwi na daftari. Lakini namba anazijua. Akaweka kidole kwenye karatasi, akashuka nacho mstari kwa mstari mpaka akakuta 41. Hiyo ndiyo namba ya kizimba chake. Hata ingeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani angeitambua.

Moyo ukamjaa. Mwaka juzi walipokuja wakubwa kutoka mkoani, waliolipa kodi ya vizimba vizuri waliandikwa mlangoni hivyo hivyo, wakapewa khanga. Akarudi kwenye kizimba chake, akafungua magunia, na jirani yake alipofika akamwambia hata kabla ya salamu.

"Asumini, wameniandika."

Asumini anauza vitenge kwenye kizimba cha arobaini na mbili. Ni mtu wa Kondoa. Ndoa ndiyo ilimleta Bariadi, ndoa ikaondoka, yeye akabaki. Kusoma anajua, na mdomo anao.

"Wamekuandika wapi? Kwenye daftari la wachumba?"

"Mlangoni kwa ofisi. Nenda kaone. Wewe haumo."

Asumini akaenda. Akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma namba moja, na aliporudi utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama Felisita, karatasi ile umeisoma juu?"

"Nimesoma namba yangu. Juu kuna nini?"

"Juu wameandika, Wadaiwa Sugu wa Kodi ya Vizimba. Mko kumi na mmoja. Mwisho wa kulipa Ijumaa saa tisa mchana. Asiyelipa, kizimba anapewa mwingine."

Milembe akacheka. Alicheka kwa nguvu hadi muuza nyanya wa ng'ambo akageuka. "Sugu ninayo kisiginoni," akasema. "Deni sina." Akachukua sado yake, akaanza kupima michembe na kuipanga mafungu. Lakini fungu la kwanza lilimwagika, na la pili likamwagika, na Asumini akajifanya anakunja vitenge ili asione.

Hofu ile isingekuwa kubwa hivyo kama kile kingekuwa kizimba tu. Milembe alifika Bariadi akiwa mjane, baada ya mume wake Masele kufa na shemeji zake kugawana ng'ombe kabla matanga hayajaisha. Alikuja na mkeka mmoja na gunia moja la michembe. Michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vinakuwa vigumu kama vibao. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vinaitwa matobolwa. Msukuma akikulia hivyo, hata aende wapi atavitamani. Milembe aliuza chini, kwenye vumbi, miaka tisa. Mgambo wakija anakunja mkeka, wakiondoka anautandika. Halafu likaja tangazo kwamba soko linajengwa, na atakayebeba mawe na maji atapewa kizimba. Wengine walituma watu. Yeye alibeba mwenyewe, miezi mitatu, kwa kichwa. Siku ya kugawa, karani aliuliza jina, akaandika kwa herufi kubwa: MILEMBE SALU, 41. Akamwonyesha.

Hilo lilikuwa jambo. Maana shamba la Zagayu liliandikwa jina la Masele, sasa ni la shemeji. Chumba anacholala ni cha kupanga. Hata laini ya simu si yake: walipotaka alama za vidole, mashine ilikataa vidole vyake. Viazi na jembe vilikuwa vimeshavisugua vikawa laini kama kijiwe cha mtoni, na binti yake Felisita ikabidi asajili kwa vidole vyake yeye. Kwa hiyo duniani humu kilichoandikwa Milembe ni kizimba. Kingine hakuna.

Sasa huyo Felisita ni mwalimu, yuko Mwanza. Mwaka uliopita alipiga picha michembe ya mama yake, akaiweka kwenye simu watu waione. Mtu angedhani ni mchezo. Wiki ya pili akapiga Msukuma mmoja wa Dar es Salaam, anataka gunia. Halafu Dodoma. Halafu Mwanza yenyewe, watu waliozaliwa Sola na Mwamapalala wakaenda mjini wakachoka wali. Hela inatumwa kwenye simu, Milembe anaitoa kwa wakala, gunia linapanda basi. Wiki nzima nyingine anashinda Zagayu anakata viazi vya kununua, kizimba kimefungwa kamba.

"Mama, hicho kizimba si ukiache?" Felisita alimwambia mara tatu. "Watu hawaji sokoni siku hizi. Soko ni simu."

Na kweli soko lilikuwa limepungua. Wa mitumba walihamia sebuleni kwao, wanauza kwa picha. Wa viatu vile vile. Mstari wa nyuma vizimba vilikuwa vitupu, kuku wa mama ntilie wanatagia humo. Lakini mtu akimtajia Milembe neno la kuacha kizimba, basi siku hiyo hawaelewani tena.

Ndipo mwezi wa saba ikaingia tozo. Milembe alikwenda kutoa hela kwa wakala, akaona imepungua kuliko kawaida. Akauliza. Wakala akamsomea meseji: makato ya kampuni kiasi hiki, Tozo ya Serikali kiasi hiki.

"Serikali inataka nini kwenye hela yangu ya viazi?"

"Si wewe tu, mama. Nchi nzima."

Milembe hakulalamika kama wengine. Yeye ni mtu wa kulipa, hajawahi kukimbia mashine ya ushuru hata siku moja, na anawadharau wanaokimbia. Alichotaka ni kujua tu hela imeingia wapi. Basi akamkamata Josia. Josia ndiye mkusanyaji wa halmashauri, mtu mzima wa watoto wanne, anazunguka na kimashine kimening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Siku hiyo alikuwa anamfukuza muuza samaki aliyejificha nyuma ya matenga.

"Josia! Hii tozo ya serikali wanayokata kwenye simu, ni yenu?"

Josia hakusimama. Alijibu kwa bega, akimwita mama kwa Kisukuma. "Serikali ni moja, mayu!"

Yakaisha. Serikali ni moja. Mtu wa serikali kasema mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila mwezi Josia anapita na salamu yake ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Kodi ya mwezi?"

"Nimeshakatwa."

"Kwenye simu?"

"Kwenye simu."

"Wabeja, mayu." Josia anashukuru, anapita, anafurahi, maana wenye vizimba wa siku hizi hulipa kwa simu, unapewa namba ya malipo unaiingiza, hela inakwenda halmashauri. Alidhani bibi huyu kafundishwa na bintiye. Ikawa hivyo Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Watu wawili wanaongea Kiswahili kimoja, kila mmoja anaondoka na maana yake.

Jumatatu ile ya karatasi, Josia alipita kama saa nne. Milembe akatoka mbele ya kizimba akamzibia njia.

"Josia, mimi ni sugu?"

Josia akaangalia chini. "Mayu, hata mimi nimeshangaa. Mfumo unaonyesha hujalipa tangu mwezi wa saba. Miezi mitano."

"Si nilikwambia nimekatwa?"

"Ulisema."

"Basi?"

"Nionyeshe."

Milembe akafungua kitambaa kiunoni, akatoa simu, akampa. Meseji zote za tozo alikuwa hajafuta hata moja. Josia akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akashusha simu, akaiinua tena kama vile ikishuka na kupanda itaandika kitu kingine.

"Mayu, hii ni tozo ya miamala. Siyo kodi ya kizimba. Hii umekatwa kwa sababu umetoa hela."

"Nimekatwa na nani?"

"Na serikali."

"Na wewe ni nani?"

"Halmashauri."

"Halmashauri siyo serikali?"

"Ni serikali."

"Sasa?"

Josia akafuta jasho. "Sasa, mayu... kukatwa siyo kulipa."

Milembe alimwangalia kama mtu aliyemtukania mama yake. Ametokwa na hela, hela haipo mkononi mwake, iliyoichukua ni serikali, na bado hajalipa. Alitamani kumuuliza Josia kama anakumbuka alichosema siku ya muuza samaki. Hakumuuliza. Aliona kwa macho yake kwamba Josia amekumbuka.

Jumanne hakuuza kitu. Alikaa na Asumini, wakapitia meseji moja moja. Asumini anasoma, Milembe anaweka kipande cha mchembe juu ya sinia, kipande kwa kila meseji. Simu ilikuwa ya betri mbovu, ikifika alama moja nyekundu inazima, na Milembe aliogopa ikizima itazikwa na meseji zake. Mara tatu alikimbia na simu kwenda kwa fundi kuichaji, anasimama hapo hapo, mkono juu ya waya, hamwamini fundi.

Walipomaliza, vipande vilikuwa thelathini na nane. Asumini akajumlisha nyuma ya boksi la vitenge.

"Elfu hamsini na tatu na mia nne."

"Na wanachonidai?"

"Kumi kwa mwezi, miezi mitano. Hamsini."

Asumini akapiga mstari chini ya hesabu zile mbili.

"Shoga yangu," Asumini akasema, "umelipa na chenji unadai. Ila umelipa nyumba ya pili."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nimekaa na mume mwenye nyumba mbili, najua ninachosema. Hela ya sukari anaitoa kweli, kwa moyo, ila inaingia kule. Huku unabaki na mwanamume mmoja tu wa kuulizwa sukari iko wapi."

Jumatano akaja Zamda. Zamda ni mke wa mwenye duka la vifaa vya umeme pale barabarani, mwanamke mpole, mkono umejaa bangili. Alikuja na futi ya fundi, akasalimia vizuri, akaanza kupima mbele ya kizimba cha arobaini na moja.

"Shikamoo, mama. Napima tu."

"Marahaba. Unapima jeneza la nani?"

Zamda akaona haya. "Hapana mama, usiseme hivyo. Niliambiwa huenda kitakuwa wazi wiki ijayo. Nataka kuweka uwakala, wa kutuma na kutoa hela. Hapa ni pazuri, ni karibu na mlango."

"Uwakala."

"Ndiyo, mama."

"Yaani watu waje kukatiwa hapa hapa kwangu."

Asumini alishindwa kujizuia, akaangua kicheko, halafu akaziba mdomo na kitenge. Zamda hakuelewa kicheko kimetoka wapi. Akakunja futi yake, akasema samahani mara mbili, akaondoka. Lakini alikuwa ameshapima urefu, na Milembe aliona akiandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Siku hiyo chakula hakikupita. Alipika ugali, akauangalia tu, akampa mtoto wa mwenye nyumba. Akawa anajiuliza, akinyang'anywa atakaa wapi mchana. Mtu akifika Bariadi akauliza Milembe yuko wapi, ataambiwa nini? Zamani waliambiwa, nenda sokoni, arobaini na moja. Shemeji walipochukua ng'ombe alilia, lakini alijua ng'ombe ni wa ukoo, wameandikwa kwenye vichwa vya wanaume. Hiki aliandikwa yeye.

Alhamisi jioni Felisita akapiga. Milembe akapokea kwa mwangaluka, kama ni asubuhi.

"Mama, mwangaluka gani saa hizi, mwadila! Habari za huko?"

"Mhola duhu."

"Mbona sauti iko chini?"

"Vumbi."

"Haya. Yule mteja wa Dodoma katuma elfu sitini, ya gunia na nauli ya basi. Imeingia kwako?"

"Imeingia."

"Anahitaji mapema mama, ana wageni. Usimcheleweshe, ni mtu wa kuleta wengine."

"Sawa."

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Felisita ana mshahara, angetuma hamsini kabla simu haijakatika. Lakini angeanza na lile neno lake: mama, si nilikwambia ukiache. Na Milembe aliona heri kizimba kichukuliwe na halmashauri kuliko kichukuliwe na mwanawe. Akasema mhola duhu, salama tu, mara nyingine, simu ikakatika.

Ijumaa saa nane aliingia ofisi ya soko. Walikuwamo watatu. Mzee Mihayo, mwenyekiti wa soko, aliyebeba mawe naye zamani zile. Josia, amekaa pembeni na kimashine chake mapajani. Na dada wa mapato kutoka halmashauri, anaitwa Lucy, kijana, kompyuta mbele yake, miwani imeshuka puani. Wadaiwa wengine walikuwa wamekuja wakalipa, wawili walikataa na kuondoka wakitukana.

"Shikamoo, bibi. Namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

Lucy akabonyeza. "Milembe Salu. Elfu hamsini. Una risiti yoyote?"

Milembe akaweka simu mezani. "Hizo thelathini na nane."

Lucy alisoma chache, na mdomo wake ukaanza kuvutika kama anataka kucheka. Halafu akamwangalia bibi mwenyewe, alivyokaa wima kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na kicheko kikamrudia kooni.

"Bibi, nani alikwambia hii ni kodi ya kizimba?"

Josia alisogea kwenye kiti. Milembe hakugeuka. "Nilijiambia mwenyewe," akasema. "Niliona imeandikwa Serikali. Hiyo serikali ya kwenye simu na hii yenu, hawajuani?"

"Wanajuana. Ila mifuko ni miwili. Ukikatwa kwenye simu, hela inapanda Hazina. Ikirudi huku inarudi na kazi yake, darasa, kituo cha afya. Hairudi kufagia soko. Mfagiaji wa soko, gari la taka, taa ya pale mlangoni, maji ya choo, hivyo vyote ni kodi ya vizimba na ushuru. Na ninyi mmehamia kwenye simu. Mstari wote wa nyuma hauna mtu. Mkiuza huko, huko ndiko mnakatwa, sisi tunabaki na taka. Mimi nimepewa lengo, bibi, na mwaka hauna muda. Nikiacha vizimba vimekaa tu, wafagiaji nitawaambia nini?"

"Mimi sikuhama."

"Umekaa siku ngapi kizimbani mwezi huu?"

Milembe akataka kujibu. Akahesabu moyoni. Kumi na mbili, labda. Siku nyingine alikuwa Zagayu, anakatia viazi watu wa simu.

Mzee Mihayo akakohoa. "Dada, huyu mama alibeba mawe ya soko hili. Ukuta huo uliouegemea, kuna mawe yake humo."

"Mzee wangu, nakuamini. Mawe hayamo kwenye mfumo." Lucy hakusema kwa dharau, alisema kama mtu aliyechoka. "Bibi, meseji hizi siwezi kuzipokea hata nikitaka. Una hamsini?"

Hapo ndipo pagumu. Hamsini alikuwa nayo. Sitini ya mtu wa Dodoma ilikuwa ndani ya simu ile ile iliyolala mezani. Haikuwa yake bado. Gunia la mwisho lilikuwa limekwenda Mwanza Jumamosi, nyumbani kulibaki sado chache. Akiigusa ile hela, ameuza gunia ambalo halipo. Maisha yake yote hajawahi kupokea hela ya mtu akaila kabla hajapima. Akaitazama saa ya ukutani.

"Nipe hiyo namba," akasema.

Josia akaruka kutoka kwenye kiti. Alimwandikia namba ya malipo kwenye karatasi, tarakimu kumi na mbili, akataka kumbonyezea. Milembe akamnyang'anya simu. "Namba najua." Akabonyeza moja moja, anaisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho aliweka namba ya siri, akiificha kwa khanga hata Mzee Mihayo asione. Saa nane na dakika ishirini.

Simu ikalia. Josia akasoma. "Imetoka. Hamsini imetoka kwenye simu." Wote wakamgeukia Lucy.

Lucy akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena.

"Haijafika."

"Imetoka," Josia akasema.

"Kwenu imetoka. Kwangu haijafika. Mtandao unasumbua tangu asubuhi."

Wakasubiri. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo. Lucy anaburudisha ukurasa, kiduara kinazunguka, kinazunguka. Josia alitoka nje na kimashine chake, akakiinua juu kama anaombea mvua, akarudi anatikisa kichwa. Milembe aliwaza kwamba sasa amemaliza. Hela ya mteja imekwenda, kizimba kimekwenda, gunia halipo. Alitaka kuuliza ikipotea njiani inalala wapi, lakini aliogopa jibu.

Saa tisa ikagonga. Lucy akavua miwani.

"Bibi, mimi nina kikao. Orodha inafungwa leo."

"Hela yangu iko wapi?"

"Iko njiani."

"Basi na wewe kaa njiani." Milembe akainuka, akavuta kiti chake mpaka mlangoni, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Ni mwanamke mfupi, lakini mlango ule ni mwembamba. "Nimekatwa mara thelathini na nane hamkuona. Hii ya thelathini na tisa tutaiona pamoja."

"Mayu," Josia akamnong'oneza, "usifanye hivyo."

"Nimefanya."

Mzee Mihayo akatazama dari. Lucy akatazama mlango, akatazama bibi, akaangalia saa ya mkononi. Angeweza kumwita mgambo. Labda aliwaza hivyo. Mwishowe alivaa miwani yake tena, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemesha, "Tarehe si bado ni ya leo," akaburudisha ukurasa.

Ilichukua mpaka saa tisa na dakika hamsini. Nje Asumini alikuwa amesimama na watu sita wa sokoni, wanachungulia juu ya kichwa cha Milembe. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Itilima. Ghafla Lucy akasema, "Ah," kidogo tu, na kimashine cha Josia kikaanza kukwaruza na kutoa ulimi wa karatasi.

Josia alikata risiti, akaileta kwa mikono miwili. Milembe akaisogeza karibu na macho. Hakusoma juu wala chini. Alitafuta katikati, herufi kubwa, mpaka akaliona jina lake, kisha namba. Akasoma mara tatu.

"Hii ndiyo kulipa?"

"Hii ndiyo, mayu." Josia akasogea karibu. "Na lile neno nililokwambia siku ile..."

"Nenda kakusanye ushuru, Josia."

Akarudisha kiti mahali pake, akamshukuru Lucy kwa Kiswahili kirefu chenye heshima zote, akatoka. Asumini alimshika mkono, akapiga kigelegele, watu wakacheka. Milembe hakucheka. Alikwenda mpaka kizimbani, akakaa juu ya gunia tupu, akapiga simu Mwanza.

"Felisita. Hela ya mtu wako wa Dodoma nimeila."

"Umeila vipi, mama?"

Akamweleza yote, tangu karatasi mpaka mlango. Alieleza bila kupumzika, maana alijua akipumzika mwanawe ataingiza lile neno.

"Mama," Felisita akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nikiache."

Felisita hakubisha. "Gunia utatoa wapi?"

"Zagayu kuna watu wawili wameanika michembe. Kesho naenda na gari la kwanza, nikope. Mwambie wa Dodoma Jumatano. Mwambie ni kosa langu, siyo lako."

"Mvua ikinyesha je?"

"Ndiyo ninayoiangalia hapa."

Alipokata simu, Asumini alikuwa anashusha turubai la kizimba chake. Matone ya kwanza yaligonga bati.

"Asumini, kodi ya mwezi ujao mwisho lini?"

"Tarehe tano."

"Leo ni ngapi?"

"Ishirini na sita."

Milembe akaweka simu kiunoni, akafunga kitambaa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Siku tisa. Akahesabu tena kuanzia mkono mwingine.